Kikapu cha Kwenda Wodini, na Mtu Asiye na Maziwa

Mjukuu wangu Happy amenipigia simu kutoka Misigiri. Mtoto wake ana miezi mitano, ana ngiri, na hospitali imempangia siku ya upasuaji. Tulipomaliza salamu akaniuliza, "Bibi, nibebe nini?"

Nikamwambia anipe siku mbili nifikiri. Akacheka. "Bibi, umefanya kazi wodi ya watoto maisha yako yote, halafu unahitaji siku mbili?"

Nazihitaji. Kwanza sikuwa nesi. Nilikuwa mhudumu wa wodi. Nilipiga deki, nilibadilisha mashuka, nilipeleka vipimo maabara, na nilipokea wagonjwa mlangoni. Elimu yangu ni darasa la saba. Basi nyie vijana wenye watoto wachanga, na nyie mtakaowapata, mkisoma haya na nesi wenu akawaambia tofauti, msikilizeni nesi. Hilo naliweka mbele ili nisije nikalaumiwa, na pia kwa sababu ni kweli.

Lakini mlangoni nilikaa miaka mingi, na mlangoni ndipo mizigo inapoonekana. Mtu anaweza kukuficha shida zake, kikapu chake hakifichi. Nilikuwa na daftari la kaunta, kila jioni naandika mistari michache ya siku hiyo: nani kaingia, nani katoka, mimi nimekosea wapi. Huko kwenye kukosea ndiko kulikojaa. Juzi nilipoyatoa yale madaftari chini ya kitanda ili nimjibu Happy, nimekuta karibu kila nilichokuja kukijua kuhusu kufunga mzigo nilikijua kwa kukosea, mimi au mtu mwingine. Kwa hiyo nitawaeleza makosa. Mpangilio wake msiniulize, naandika jinsi yanavyokuja.

Kuna baba mmoja wa Ikungi. Mkewe aliletwa na mtoto mwenye homa ya mapafu, alipakiwa kwenye pikipiki jinsi alivyokuwa shambani, hana hata ndala. Kesho yake mume akaja na begi. Alikuwa amelifunga mwenyewe, na nguo zimekunjwa vizuri kuliko dobi anavyokunja. Mkewe akalifungua mbele yetu: magauni matatu ya kanisani, yote yana zipu mgongoni.

Mkewe akainua moja. "Baba Jeni, mtoto atanyonyea wapi, mgongoni?"

Wodi nzima ilicheka, na mimi nilicheka. Yule baba akasema taratibu, "Nimechagua yale unayoyapenda."

Jioni ile niliandika kwamba tumemcheka isivyo haki, na mpaka leo naona hivyo. Nani aliwahi kumwonyesha? Nguo za nyumbani zilikuwa zimeanikwa, akadhani ni chafu. Khanga hakujua zinakaa wapi. Alibeba kilicho safi na kinachopendwa, na wapo wanaume ambao wasingebeba kitu. Kwa hiyo dada zangu, kabla siku haijafika, muonyeshe mumeo: khanga ziko hapa, blauzi za kufungua mbele ziko hapa, nguo za mtoto ziko hapa. Na wewe kaka, ukitumwa begi, jiulize swali moja tu: mtoto atanyonyaje katika nguo hii.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Debora, nesi mkuu wa wodi yetu. Alikuwa mfupi, sauti yake ndogo, na wote tulimwogopa. Yeye ndiye aliyesema kikapu cha hospitali kinafungwa kinyumenyume. Kitakachohitajika mwisho kinaingia kwanza, kinakaa chini kabisa: nguo za kuondokea, unga, mlenda wa kukausha, sabuni ya akiba. Kitakachohitajika mapokezi kinakaa juu: nepi moja, kitambaa kimoja, khanga moja. Kwa sababu mapokezi utakaa sana, na mtoto atachafuka hapo hapo, na wewe umeketi kwenye benchi katikati ya watu. Nimeona akina mama wakimwaga kikapu kizima sakafuni kutafuta kitambaa kimoja, unga unamwagikia nguo, mtoto analia, na karani anaita jina.

Na kadi ya kliniki, alisema, haiingii kwenye kikapu kabisa. Kikapu kinaweza kubaki kwenye gari, kinaweza kubebwa na shemeji akapitiliza nacho. Kadi inaingia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko unafungwa kwenye pindo la khanga uliyoivaa. Ile kadi ina uzito wa mtoto tangu kuzaliwa na chanjo zote. Bila hiyo wanaanza kukuuliza, na mama aliyekesha na mtoto mgonjwa hakumbuki hata jina la baba mkwe wake.

Siku hizi mnasema kila kitu kiko kwenye simu. Sawa, pigeni picha ya kadi, ni jambo zuri, sisi tungelipenda. Ila simu inazimika, na wodi yetu ilikuwa na soketi moja yenye umeme wa uhakika. Nimeamua ugomvi mwingi wa ile soketi kuliko wa maji. Bebeni chaja, na mkiweza bebeni ile soketi ya waya ya kuchomeka chaja nyingi kwa pamoja. Mwenye nayo wodini anaheshimiwa kuliko daktari.

Pampasi nazo sizisemi vibaya, ingawa rika langu wanazisema. Zimetupunguzia kufua, na mwezi wa saba upepo wetu wa Singida ukivuma unajua maana ya kufua kwa maji ya baridi alfajiri. Lakini nesi atakuuliza mtoto amekojoa mara ngapi tangu asubuhi. Kwenye vitambaa ulikuwa unahesabu vilivyoanikwa kwenye kamba. Kwenye pampasi moja nzito utahesabu nini? Basi beba na vitambaa viwili vitatu, nesi akitaka hesabu, mvalishe hivyo.

Mnaona nimeanza kuwaorodheshea. Sikutaka. Orodha ndiyo iliyoniponza.

Iko hivi. Mwaka mmoja walikuja madaktari wa kutembelea, wa kushona watoto wenye midomo wazi. Wengine husema mdomo sungura. Mimi sikulitumia jina hilo mbele ya mama yeyote. Walikaa siku chache wakashona watoto wengi. Basi walipomaliza wa kwanza, mtoto akarudi wodini mdomo umeshonwa vizuri, na mama yake akataka kumvalisha sweta. Sweta la kupitisha kichwani. Shingo ya sweta ikaelekea kwenye mdomo wenye nyuzi mbichi, Sista Debora akaruka kutoka mwisho wa wodi akaushika mkono wa yule mama. Ikabidi tulikate sweta mbele kwa mkasi wa bandeji. Lilikuwa jipya, la njano, lilifumwa na nyanya yake. Yule mama alililia sweta kuliko alivyomlilia mtoto alipoingia chumba cha upasuaji. Nami simlaumu, kulilia sweta ni rahisi zaidi.

Nikaandika kwenye daftari: nguo za mtoto wa upasuaji wa mdomo zifunguke mbele. Nikaona mimi sasa ni mtaalamu. Madaktari walipotangaza kurudi tena, nilimwomba Sista Debora ruhusa ya kuandika orodha ya vitu, ibandikwe mlangoni na kutumwa zahanati za vijijini. Akaisoma, akasema ni nzuri. Nguo za vifungo mbele, kikombe na kijiko, blauzi za kunyonyeshea, kadi, kofia, soksi, beseni, ndoo yenye mfuniko. Na mwisho, kwa herufi kubwa: MWANGALIZI MMOJA TU. Hiyo haikuwa yangu, ilikuwa kanuni ya wodi, na ilikuwa na sababu. Vitanda vilikuwa karibu karibu, ndugu walikuwa wanalala mpaka chini ya vitanda, na nesi hapati pa kukanyaga.

Akaja Salima kutoka Ihanja. Binti mdogo, mzaliwa wa kwanza mgongoni, anaitwa Yasini, miezi minne. Mdomo wazi upande mmoja, lakini kaakaa lilikuwa zima, kwa hiyo alikuwa ananyonya na amenenepa vizuri. Kikapu chake kilikuwa kama kimefungwa na mimi mwenyewe. Kila kitu cha kwenye orodha kilikuwemo, kwa mpangilio. Nilifurahi kupita kiasi.

Nyuma yake alikuwa mama mkwe wake, Bibi Zuhura, mzee mrefu mwembamba, na kuku jogoo kwapani.

Nikamwambia, "Kuku haingii wodini, bibi."

"Ni wa daktari."

"Daktari hapokei kuku."

"Haya. Na mimi?"

Nikamwonyesha ile karatasi. "Mwangalizi mmoja tu. Mama wa mtoto anatosha."

Alinitazama, akatazama karatasi ambayo sidhani kama aliweza kuisoma. Akasema, "La kuku nimelielewa." Akageuka. Salima alimfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona ya jengo. Mimi nikashika kikapu nikampeleka Salima kitandani, huku nikimsifia soksi.

Sasa lazima niwaeleze jambo la upasuaji, maana ndilo kiini. Mtoto anayepewa dawa ya usingizi lazima awe na tumbo tupu. Maziwa yakiwemo tumboni yanaweza kupanda yakaingia kwenye mapafu, na hapo mtoto anaweza kufa kwa shida ambayo haikuwa yake. Kwa hiyo Yasini aliambiwa anyonye mara ya mwisho saa kumi na moja alfajiri, aingie saa tatu. Ilikuwa siku ya mwisho ya wale madaktari. Kesho yake wanaondoka, na hakuna aliyejua watarudi lini.

Saa tatu ikafika, mtoto aliyemtangulia akachukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Saa tatu na nusu. Saa nne. Yasini alilia mpaka sauti ikakwaruza. Na aliyembeba ni nani? Mama yake, ambaye maziwa yalishalowesha blauzi mpaka tumboni. Mtoto ananusa maziwa, anageuza kichwa, anafungua mdomo, anakataliwa. Anashikwa na mikono ile ile inayomnyonyesha siku zote na leo inamnyima. Fikiria ni wewe ndiye mtoto. Au fikiria ni wewe ndiye mama.

Salima akaniaga anakwenda chooni na mtoto. Akakawia. Aliporudi, Yasini alikuwa kimya, macho yanalegea.

Nilimpokea ili mama yake akae. Nikainamisha uso karibu na mdomo wake. Nikasikia harufu ya maziwa, mabichi, ya moto.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Salima, umemnyonyesha?"

"Sijamnyonyesha."

"Mdogo wangu, sikugombezi."

"Nimesema sijamnyonyesha. Amechoka kulia. Mtoto akichoka si hulala?"

Na ni kweli, mtoto akichoka hulala. Na ni kweli blauzi yake ilikuwa imelowa, na uso wa mtoto ulikuwa umelala kwenye blauzi ile njia nzima. Harufu ingeweza kutoka hapo. Nilisimama na yule mtoto mikononi nikiwa sijui. Nikisema, na kumbe hakunyonya, nimempokonya zamu yake, na mdomo utabaki vile mpaka Mungu anajua lini. Nisiposema, na kumbe amenyonya, naweza kumpeleka mwenyewe kwenye kifo chake akiwa amevaa soksi nilizozisifia.

Nikaenda kusema. Nilimwambia Sista Debora, naye akamwita daktari wa usingizi, mtu mmoja mpole mwenye mvi. Salima alisimama mbele yao akasema tena, "Sijamnyonyesha. Huyu dada ananisingizia."

Daktari hakumbishia. Alisema, "Mama, mimi sisubiri ukweli wako wala wa huyu. Nasubiri saa. Tutamweka wa mwisho, saa tisa. Mpaka hapo asiguse titi. Kama huwezi, niambie sasa nimwondoe kwenye orodha, na hakuna atakayekulaumu."

Akaondoka. Salima akakaa kitandani, akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Masaa matano mazima."

Sista Debora akanivuta pembeni. "Nani mwingine amekuja na huyu binti?"

Nikamweleza habari za Bibi Zuhura, na kanuni, na kuku.

Akasema, "Ile kanuni niliiandika mimi, Naomi. Ungeniuliza, ningekwambia ina mlango. Mtoto anayekatazwa kunyonya hahitaji mama tu. Anahitaji mtu asiye na maziwa. Kamtafute."

Nilimkuta kwenye banda la ndugu, kule nyuma, wanakopikia. Jogoo amefungwa mguu kwenye jiwe la meko, yeye ameketi juu ya gunia anachambua mchele wa mtu mwingine. Nilifika nikihema.

"Bibi, unahitajika wodini."

Hakuinua kichwa. "Mwangalizi mmoja tu."

"Nilikosea, bibi. Mtoto hatakiwi kunyonya mpaka saa tisa, na mama yake hawezi kumshika. Tunakuomba."

Aliendelea kuchambua. Akina mama wengine wakaacha kupiga soga ili wasikie. Mimi nimesimama na sare yangu ya kazi, na saa inakwenda. Nikaanza kueleza tena, habari za tumbo na mapafu, akanikata.

"Hata jana hukusema."

"Sikusema nini, bibi?"

Hapo ndipo alipoinua kichwa. "Wewe ni mtoto wa nani, unayemwambia mtu mzima kuhusu kuku kabla ya kumsalimia?"

Wanangu, nilitamani ardhi inimeze. Ni kweli. Nilikuwa nimevaa sare, nimeshika orodha, nikamfukuza mzee wa umri wa mama yangu mlangoni bila shikamoo. Kwetu huko Iramba mtoto wa miaka mitatu akifanya hivyo anarudishwa njiani akaanze upya.

Nikapiga goti pale kwenye majivu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akasimama, akapangusa mikono. "Sasa twende. Ungeanza hivyo tungeshafika." Akamgeukia mwenzake mwenye mchele. "Niangalizie daktari wangu," akimaanisha jogoo, na wote wakacheka, na mimi nikaruhusiwa kucheka.

Hakubeba chochote isipokuwa khanga moja kuukuu iliyonuka moshi. Nilitaka kumpa safi kutoka kabatini kwetu. Akasema, "Ya kwenu inanuka sabuni. Mtoto huyu amezaliwa kwenye moshi wangu." Nikamtazama Sista Debora. Sista akasema, "Akiingia ndani tutambadilisha. Sasa hivi mwache."

Akamtia mgongoni, mbali na kifua cha mtu yeyote, akaanza kutembea kwenye baraza. Anakwenda mpaka mwisho, anageuka, anarudi. Upepo unampiga, yeye amemfunika mtoto kichwa. Anaimba kwa Kinyaturu, wimbo wa kutwanga nadhani, maana ulikuwa na kishindo. Yasini alilia raundi tano. Akalia tena raundi mbili, lakini kwa kupumzika pumzika. Kisha akalala.

Salima tulimwondoa pale kabisa. Sista alimpa kikombe akamue maziwa apunguze maumivu, halafu akanikabidhi nimtafutie shughuli. Nikampeleka uani kwenye kamba za mashuka. Nikashika pembe mbili, yeye akashika pembe mbili, tukakunja. Hakunitazama. Tukakutana katikati, tukaachana, tukakutana. Mara mtoto akalia kule barazani, mbali, na shuka likalegea upande wake.

"Ananiita mimi," akasema.

Nikasema, "Bado mashuka kumi na mbili." Lilikuwa neno la kijinga, lakini alikaza pembe zake tukaendelea.

Saa tisa wakamchukua. Saa kumi na robo akarudi, uso umevimba, mdomo umefungwa kwa nyuzi ndogo ndogo kama za fundi cherehani hodari, na baada ya muda wakaruhusu anyonye. Bibi Zuhura alimtazama, akasema, "Sasa amefanana na babu yake, masikini," na hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake yote.

Salima alikaa wodini siku kadhaa baadaye, na siku zote hizo hakunisemesha. Alimuaga Sista, alimuaga mpishi, alimuaga hata mlinzi wa getini. Mimi alinipita. Nikaandika jioni ile, nayanakili kama yalivyo: "Leo Salima wa Ihanja katoka. Mtoto mzima. Huenda nilimsingizia."

Mstari huo ulinikaa. Si kwamba nilijuta kusema, nilijua ningesema tena. Lakini kusema kitu kibaya juu ya mtu, mbele ya watu, bila hakika, ni jambo zito hata kama nia ni njema. Kila mwaka nikibadilisha daftari nilikuwa nikiurudia: huenda nilimsingizia. Na ile orodha ya mlangoni niliibandua nikaiandika upya. Chini ya MWANGALIZI MMOJA TU nikaongeza: "Kama mtoto ni wa upasuaji na ananyonya, muulize Sista kuhusu mtu wa pili asiye na maziwa." Watu walikuwa wanaisoma na kucheka. Wakija siku ya upasuaji hawacheki, wanampigia simu shangazi.

Nilistaafu. Mwaka jana nilikuwa natoka kumwona ndugu yangu Itigi, gari likasimama Mkiwa. Nikashuka kununua vitunguu. Mama mmoja mnene, mwenye meza yake nzuri ya vitunguu na asali, akanipimia, akanitazama, akaacha kupima.

"Dada Naomi wa wodi ya watoto."

Sikumjua mpaka aliposema Ihanja. Nikamuuliza Yasini, akaniambia yuko sekondari, mdomo una mstari mwembamba tu, na maneno yake ni mengi kuliko anavyotaka mama yake. Bibi Zuhura alishafariki, kwa uzee, kitandani kwake.

Kondakta akaanza kupiga bodi ya gari. Salima akaongeza vitunguu juu ya vile nilivyolipia, akasema bila kuinua macho, "Nilimnyonyesha. Nyuma ya choo. Kidogo tu, kisha nikamtoa."

Nikasema, "Nilijua."

"Hukujua, dada. Ulidhani." Sasa akanitazama. "Ndicho kilichoniuma. Ungekuwa umeniona, ningekusamehe siku ile ile. Ulisema ukiwa hujui, na kumbe ni kweli. Nikawa sina pa kukukasirikia, nikakukasirikia tu."

"Na mimi nilikosa kumwacha mama mkwe wako aingie. Angekuwepo, usingefika nyuma ya choo."

"Hilo ni kweli," akasema. "Basi tugawane."

Tukagawana. Nilipanda gari na vitunguu vingi kuliko nilivyoweza kuvila mwezi mzima. Nilipofika nyumbani nikatoa lile daftari, nikautafuta ule mstari, nikachukua kalamu. Nilikata maneno mawili, "Huenda nilimsingizia." Lile la mtoto mzima nikaliacha.

Basi leo siku mbili zimepita, nimempigia Happy. Nimemweleza kikapu: kadi kwenye pindo, cha mapokezi juu, cha kuondokea chini, blauzi za kufungua mbele, chaja, vitambaa vitatu, na amwulize nesi saa ya mwisho ya kunyonyesha, aiandike, asiitegemee kichwa chake. Alikuwa anaandika, nikisikia kalamu.

Mwisho nikamwambia abebe mtu asiye na maziwa.

"Nani sasa, bibi? Mama mkwe ana kisukari, wifi ananyonyesha."

Nikamwambia nimeshafunga begi langu. Ni dogo, nitalipakata. Nimeweka ndala, sweta moja, na kikombe. Na khanga ninayopikia, ambayo tangu juzi sijaifua.